Msimu Tuliong'oa Ngano Tukaacha Magugu

Wenzangu mliokulia Ujiji miaka ile wakimbizi walipokuwa wakimiminika, hebu nisikilizeni nyinyi, maana watoto wangu wamenichoka. Nikifungua mdomo tu niseme sisi tulipokuwa wadogo, mmoja anachukua simu, mwingine anakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kufua. Nguo ambazo zimekaa kwenye beseni tangu juzi! Basi nawaambia nyinyi mnaoijua harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, mliocheza rede mpaka magoti yakachubuka, mliokula muhogo wa kuchemsha na mgebuka wa kukaanga kwa mawese halafu mkapangusa mikono kwenye sare za shule. Nyinyi mtanielewa nikisema kuna jambo nililiona nikiwa darasa la tano ambalo mpaka leo likinijia nashika kichwa.

Nyumbani kwetu ni Kasingirima. Mama yangu alikuwa mtu wa chapati, na simwambii mtu wa Ujiji chapati za Mama Idi zilikuwaje, anayezijua anazijua. Tuliamshwa na sauti ya mkono wake ukipiga donge la unga kwenye meza. Alizaliwa Ujiji, na mama yake alizaliwa Ujiji, watu wa biashara tangu zamani, na kilichomfanya atembee kifua mbele ni ule unga. Aliweza kuchota konzi moja ya unga wa ngano, akausugua kati ya vidole, akakuambia kama umechanganywa na mahindi. Siku unga ulipoadimika mjini, yeye alikuwa anaumwa kabisa.

Baba alikuwa Muha wa milimani, ng'ambo ya Kasulu, huko ambako ukisimama kilimani unaviona vilima vya Burundi. Alishuka kutafuta kazi bandarini, akamwona Mama, akasilimu, akaoa. Kwao hawakulimeza hilo jambo vizuri. Walikuja harusini, wakala, wakasifu pilau, wakarudi kwao, na kila tulipokwenda kuwasalimia walituita watoto wa Ujiji, kana kwamba Ujiji ndiyo iliyotuzaa.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Aliugua wiki mbili tu. Mama alikaa eda yake ndani ya chumba kile chenye dirisha moja, na mimi na kaka Idi tukawa tunachoma chapati zetu wenyewe, mbichi katikati na nyeusi pembeni, tukila huku tunalia. Eda ilipokwisha, ukaja ujumbe kutoka milimani: ukoo umekaa, na neno limetolewa juu ya shamba la marehemu.

Neno lenyewe lilikuwa hivi. Shamba alilorithi Baba litakuwa la watoto wake ikiwa mama yao atalilima, atalipalilia na kulivuna msimu huo huo. Likikaa na magugu, basi halina mtu, na litachukuliwa na mdogo wake marehemu, Baba mdogo Bartazari, ambaye mpaka wake ulikuwa umepakana na wetu. Kule milimani walikuwa hawasomi hati. Walitazama ardhi. Mkono uliong'oa magugu ndio uliojulikana kuwa na shamba, na kabla ya mavuno wazee walikuwa wanakuja kutembea ndani yake na kuangalia.

Nadhani walitegemea Mama akatae. Mwanamke wa Ujiji, kucha zina hina, atashika jembe? Mama alifunga kanga mbili kiunoni, akamwachia dada yake meza ya chapati, akatuombea uhamisho shuleni, na baada ya siku tatu tulikuwa juu ya lori la maharage tukipanda mlima. Tulipita Kidahwe Idi akiwa anatapika. Mama alikuwa anatazama mbele tu.

Jamani, baridi ya kule! Sisi watu wa ziwani tumezoea joto la mchanga, asubuhi unatoka na kaptula unakwenda kuoga. Kule ukungu ulikuwa unaingia mpaka chini ya kitanda. Tulikaa katika nyumba ya marehemu bibi, mzaa baba, yenye jiko la nje lililoegemea upande mmoja. Shuleni watoto walizungumza Kiha, mwalimu akitoka tu Kiswahili kinatoka naye, na mimi na Idi tunabaki tumekodoa macho. Chakula kilikuwa uji wa ulezi, maharage, ugali wa muhogo, tena maharage. Idi aliota samaki. Aliniapia kwamba aliota mgebuka anamwita kwa jina.

Sasa kupanda nini? Hapo ndipo Baba mdogo Bartazari alipokuja. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa kusema, koti lake la sufu halitoki mwilini hata jua liwake vipi. Alileta gunia nusu la mbegu begani. Akamwambia Mama, shemeji, wewe ni mtu wa chapati, basi panda ngano, udongo wa marehemu unaipenda ngano. Mama alifungua gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anacheka. Ngano! Kitu chake. Karibu kila mtu pale kijijini alipanda maharage na mahindi, lakini yeye angepanda ngano, asage unga wake mwenyewe.

Ndani ya mbegu zile kulikuwa na punje nyingine, nyembamba, za kijivu. Mama alizitazama akasema hizo ni ngano changa, zitakomaa zikifika ardhini. Aliongea kwa uhakika mkubwa sana. Sisemi Baba mdogo alizichanganya makusudi, Mungu ndiye ajuaye. Nasema tu kwamba yeye mwenyewe zake alizipepeta.

Tulimwaga mbegu mvua za masika zilipokolea, tukazifunika kwa jembe, na baada ya wiki moja shamba zima likawa la kijani. Loo, tulivyofurahi! Mama alikuwa anaamka alfajiri, anaswali, anakwenda kulitazama shamba lake. Wiki zikapita, mimea ikafika kifundo cha mguu, na pamoja nayo kila aina ya jani unalolijua na usilolijua. Mgagani, mchicha pori, kisamvu cha nguruwe, na lile jani la kutambaa linalokata vidole.

Hapo Mama akaanza kuumiza kichwa. Jirani mmoja alimwambia ngano haipaliliwi, ikimwagwa imemwagwa, ukiingia humo unaikanyaga tu. Mwingine akamwambia usipopalilia utavuna mabua. Akisubiri kidogo, magugu yananyonya udongo. Akiingia, miguu yetu sisi watatu inakanyaga ngano. Lakini kulikuwa na neno la wazee, na mbele ya neno lile hakukuwa na kuchagua. Shamba lionekane safi. Jumamosi moja tukaingia.

Majani mapana yalikuwa rahisi. Shida ilikuja kwenye yale membamba. Kulikuwa na aina mbili, zote nyasi, zote zimesimama wima. Moja ilikuwa na rangi iliyofifia, imejipinda pinda, ukiishika ni kavu kidogo. Nyingine ilikuwa ya kijani iliyoiva, inang'aa upande wa chini wa jani, imetoa machipukizi mengi, ukiitazama inapendeza. Mama alichuchumaa katikati, akazitazama kwa muda mrefu. Halafu akatoa hukumu. Ngano ni chakula cha heshima, akasema, haiwezi kuwa hii dhaifu. Ng'oeni hizi zilizofifia.

Idi aliuliza kama ana uhakika. Mama alimtazama jicho lile mnalolijua, la mama wa Ujiji, akamwuliza ni nani katika nyumba hii aliyekanda unga wa ngano tangu kabla hajazaliwa. Idi akainama akaanza kung'oa.

Tuling'oa siku nne. Jumamosi, Jumapili, na jioni mbili baada ya shule. Nilijiona hodari! Tulishindana mimi na Idi nani ana rundo kubwa, tukaimba nyimbo za mchezo wa Ujiji, na vidole vyangu vikawa vya kijani mpaka mwalimu akanipiga viboko viwili kwa uchafu. Na kila siku, saa ile ile, Baba mdogo Bartazari alipita kwenye kijia cha mpakani. Alisimama, akaegemea fimbo yake. Mwakeye, anatusalimu. Tunaitikia. Anatazama marundo yetu. Anatazama shamba. Halafu anasema kazi nzuri, shemeji, mnajitahidi, anakwenda zake. Mama alikuwa anamwambia kila mara, asante shemeji. Asante!

Wakati huo jiko la bibi lilikuwa na wageni. Walikuja asubuhi moja kwa miguu kutoka ng'ambo, Burundi, mwanamke mmoja na watoto wawili wadogo, mikononi ana sufuria na jembe lisilo na mpini. Miaka ile haikuwa ajabu, kila nyumba pale kijijini ilikuwa na mtu jikoni au ghalani. Alijiita Espe. Mumewe walipotezana njiani. Mama hakumwuliza mengi, alimwonyesha jiko, akampa kanga moja na kibaba cha muhogo, yakaisha. Espe alikuwa anatoka kulima mashamba ya watu kwa chakula, na jioni anachuma mboga porini. Alikuwa na aibu ya kupita shambani kwetu, kwa sababu hakutaka aonekane anaomba.

Siku ya nne hiyo ndipo alipopita. Aliona kwenye marundo yetu kuna mgagani, akaja kumwuliza Mama kama anaweza kuuchukua ule, maana watoto wake wanaupenda. Mama akamwambia chukua wote, dada, si tunatupa. Espe akapiga magoti, akaanza kuchambua. Nikamwona mkono wake unasimama. Akainua kishungi cha majani yale yaliyofifia, akakileta karibu na macho, akakipindua. Akatazama rundo. Akatazama rundo la pili, na la tatu. Kisha akakaa kitako kabisa kwenye tope, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Mana yanje," akasema, akimwita Mungu wake. "Mama Idi, oya, hapana. Hii si nyasi. Hii ndiyo ngano."

Mama alicheka. Nakumbuka alivyocheka, cheko la mtu mzima anayemsikiliza mtoto. Espe hakucheka. Alichuma jani moja kutoka rundoni na jani moja kutoka shambani, akatuita, akatuonyesha pale jani linapokutana na shina. Ngano ina masikio, akatuambia. Na kweli, pale kwenye jani la rundoni, kulikuwa na vitu viwili vidogo vinavyolikumbatia shina, vina vinyweleo laini, ukitazama vizuri unaviona. Kwenye lile jani zuri la shambani, linalong'aa, hakukuwa na vinyweleo hata kimoja. Akasema hilo kwao wanalijua na wanaliogopa, linajifanya ngano tangu linaota mpaka linatoa masuke, na ukilivuna ukalisaga pamoja na unga, unalewa bila pombe. Kichwa kinazunguka, mtu mmoja unamwona wawili. Alitutajia na jina lake kwa Kirundi, sikulishika.

Mama alichukua majani yale mawili. Akayatazama. Akaingia shambani, akachuma jingine, na jingine, na jingine, anakagua, anatupa. Alikwenda hivyo mpaka karibu nusu ya shamba, sisi tumesimama tu. Theluthi nzima ya ngano tulikuwa tumeing'oa kwa mikono yetu, tukiimba. Tukayapa magugu nafasi ya kupumua. Nikamtazama Idi, akawa anajitazama vidole.

Aliporudi, Mama hakuwa analia. Ilikuwa mbaya kuliko kulia. Alisema kwa sauti ya chini sana kwamba shamba limekwenda. Kwamba miaka yote ile ameshika unga, na ngano yenyewe hajawahi kuiona ikiwa hai. Kisha nikaona sura yake inabadilika polepole, na nikajua anawaza nini kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kuliwaza. Baba mdogo ni mtu wa kule kule. Amepanda ngano tangu kijana. Siku nne amesimama pale na fimbo yake.

Mama akataka kuacha yote tushuke zetu Ujiji. Espe ndiye aliyemzuia, na alimzuia kwa namna ambayo mpaka leo wataalamu wenye kofia na magari hawajanieleza vizuri kumshinda. Aliokota vijiti akavipanga chini. Upande huu akaweka hasara ya kupalilia: siku zako, mgongo wako, na ngano utakayoikanyaga. Upande ule hasara ya kuacha: nusu ya mavuno kuliwa na magugu, na unga unaolevya. Akasema kupalilia nako kuna muda wake. Sasa hivi ngano ni changa, ukiilalia kwa mguu inainuka. Ikishaanza kufunga pingili, ukiingia unavunja, na kinachovunjika hakisimami tena, kwa hiyo kuanzia hapo kaa nje hata ukiona jani linakukera. Wala usitake shamba liwe kama uwanja uliofagiwa. Vijani vidogo vya chini ngano yenyewe itavifunika kivuli. Ng'oa lile tapeli, ng'oa marefu, la kutambaa, basi. Mgagani tunakula. Mengine mbuzi.

Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kuona mtu anafanya, kabla wala baada. Mvua ilikuwa inanyesha, nyembamba, ya siku nzima. Akachukua ngano tuliyoing'oa jioni ile, ambayo mizizi yake bado ilikuwa na unyevu, akaanza kuirudisha ardhini. Kishungi kwa kishungi. Mama akamtazama, akapiga magoti upande wake. Tukaingia wote, na watoto wake wawili nao, mkubwa ana miaka sita labda, akikagua masikio ya kila jani kwa makini kuliko Idi. Iliyong'olewa siku za mwanzo ilishakufa. Ya siku ile na ya jana yake, nyingi ikashika. Si yote, lakini nyingi.

Tulifanya kazi wiki mbili na Espe. Ni siku nzuri sana katika utoto wangu, na huwa nashangaa kwa nini, maana tulikuwa na njaa na baridi na hofu. Alitufundisha kutambua kwa vidole, macho tumefumba. Tulicheza hivyo: unafumba macho, mwenzako anakupa jani, unapapasa, unasema ngano au tapeli, ukikosea unabeba maji. Jioni tulikula mgagani wenye uchungu, Mama akiutia karanga. Siku moja, katikati ya kazi, Espe alisema shamba lake huko kwao lilikuwa kimo hiki hiki siku alipoliacha. Akasema magugu sasa yameshalimaliza. Kisha akaendelea kung'oa.

Baba mdogo aliendelea kupita. Siku ya kwanza alipotukuta na Espe tunarudisha ngano, alisimama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakusema kazi nzuri.

Ngano ilipokuwa inatoa masuke, yakaja malori ya kuchukua wakimbizi wote waliokuwa majumbani mwa watu kuwapeleka kambini. Lilikuwa agizo la kila kijiji. Walipewa asubuhi moja ya kujiandaa. Espe hakuwa na la kuandaa. Alikwenda shambani kwanza. Akatembea pembeni, kwa nje, akanyoosha mkono akagusa masuke yaliyo karibu, akaja akapanda lori. Mama alikimbia nyuma ya lile lori akimwambia nitakuletea chapati, ngano ikiiva nitakuletea, wallahi. Sijui kama alisikia.

Wazee walikuja kutembea shambani siku tatu kabla ya mavuno. Walikuwa watano, na Baba mdogo wa sita. Shamba lilikuwa na kipara upande mmoja, pale tulipoanzia uharibifu wetu, lakini sehemu iliyobaki ilikuwa imesimama, ya rangi ya mkate, safi. Mzee wa ukoo alitembea pembeni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo Baba mdogo akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba shamba hili limepaliliwa na mkimbizi. Mkono wa mama yao haumo. Yeye ngano haijui, akasema, mwulizeni.

Mzee akamwuliza Mama, mama Idi, ngano ikiwa changa unaijuaje? Mama alinigeukia mimi, akaniambia, Mwamvua, waonyeshe. Pembeni kulikuwa na machipukizi machanga yaliyotoka kwenye punje zilizodondoka. Nikafumba macho. Kweli, nilifumba macho mbele ya wazee, kama tulivyokuwa tunacheza, nikapapasa, nikang'oa moja nikasema ngano, nikang'oa jingine nikasema tapeli. Nilifanya hivyo mara sita au saba. Nilipofumbua, wazee walikuwa wameinama wote, wanatazama masikio.

Mzee wa ukoo akajinyoosha. Akatazama kile kipara, akatazama kijia cha mpakani kilichopita hatua kumi tu kutoka pale. Akauliza, taratibu, "Bartazari, wewe unapita hapa kila siku. Hukuwaona wanang'oa ngano?"

Na Baba mdogo hakukana. Hilo ndilo lililotushangaza kuliko yote. Angeweza kusema sikuona, macho yangu mabovu, nilikuwa na haraka.

"Niliwaona," akasema. "Nilikuwa nangoja waulize."

Mzee mmoja alitema mate pembeni. Mama alikuwa anamtazama shemeji yake, na usoni hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao mtupu, kama mtoto aliyepigwa bila kosa. Nadhani hata yeye Baba mdogo alijishangaa kulisema kwa sauti. Shamba likawa letu siku hiyo. Hakukuwa na sherehe, wazee waliaga wakashuka kilima kimyakimya.

Tulivuna, tukapura kwa fimbo, Mama akapepeta punje kwa punje mpaka ungo ukatoboka. Chapati za kwanza aliwapelekea wazee, na moja akampelekea Baba mdogo, ikiwa moto, kwenye sahani yenye kawa. Nilikasirika sana. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia nenda kachote maji. Kisha tukasafiri mpaka kambini na debe la unga na kifurushi cha chapati. Tuliulizia Espe mwenye watoto wawili. Jamani, Espe walikuwa wengi. Waliitwa, wakaja Espe wanne, Espe mzee, Espe mwenye mapacha, na hakuna aliyekuwa wetu. Mama alirudi mara ya pili mwaka uliofuata, wala hakumpata. Zile chapati aliwagawia wale Espe wengine.

Mama ameshatangulia mbele ya haki, na Baba mdogo pia. Shamba lipo, na sasa ni langu na Idi. Mtoto wa Idi ndiye analilima, pamoja na mkewe Rehema, binti wa mjini aliyesomea kompyuta. Siku hizi hakuna kuinama. Wana bomba la mgongoni na chupa za dawa kutoka dukani, asubuhi moja shamba zima limekwisha, jioni wako kwenye simu wanatazama watu wakicheza. Nasema kweli, dawa inaokoa mgongo na haikanyagi sana, sina ugomvi nayo. Ila muulize Rehema masikio ya ngano yako wapi. Atakuuliza ngano inasikia nini.

Mwaka jana nilipanda kule kuwatembelea. Nilipita kijia kile kile cha mpakani, na Rehema alikuwa shambani, bomba mgongoni, vidude vya muziki masikioni. Hakuniona, hakunisalimia. Ngano ilikuwa kimo cha kifundo cha mguu, nzuri ajabu. Kwenye ukingo kulikuwa na chupa. Nikavaa miwani nikasoma. Ilikuwa ile dawa ya kusafishia shamba kabla hujapanda, ile inayoua kila jani la kijani, haichagui. Mtoto wa watu alikuwa anaiua ngano yake kwa mstari ulionyooka kabisa, huku anatikisa kichwa kwa wimbo.

Nami nilisimama. Niliegemea mwavuli wangu. Niliwaza, hawa vijana wanajiona wanajua kila kitu. Hawasalimii. Kila nikitaka kuwasimulia wanachukua simu. Acha aone. Akija kuuliza, nitamwambia.

Sijui nilisimama pale muda gani. Mistari miwili, labda mitatu. Halafu nikalisikia lile neno kichwani mwangu, kwa sauti ya upole, na sauti haikuwa ya Baba mdogo, ilikuwa yangu. Nilijitazama, mimi Mwamvua binti Mama Idi, nimesimama mahali pale pale, nimeegemea kama alivyoegemea yeye.

Nilimwita, hakusikia. Basi nikavua kandambili, nikatupa mwavuli, nikaingia katikati ya shamba nikikimbia na miaka yangu hii, nikiikanyaga ngano changa kushoto na kulia, nikapiga kelele kama mwendawazimu mpaka nikamshika bega. Alishtuka, akatoa vile vidude, akanishika mikono akiniuliza kuna nini, Shangazi, kumetokea nini? Nilikuwa nahema. Enzi zile mwanamke aliyepoteza shamba lake lote, asiye na mpini wa jembe, alipiga magoti kwenye tope akatuambia bila kuulizwa, na mimi mwenye shamba nilihitaji mistari mitatu. Nikamwambia avue bomba, dawa ile inaua ngano yenyewe, kisha nikachuma jani moja, nikamwambia Rehema afumbe macho.